Kutoka Kamukunji hadi Barabara ya Ngong: Malezi ya Wabunifu Jijini Nairobi

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 jiji la Nairobi limejulikana kote duniani kuwa mahali pa kulelea kampuni changa, yaani biashara ndogo zinazoanzishwa kwa nia ya kulitatua tatizo fulani kwa njia mpya na kukua kwa haraka, na vituo vinavyofanya kazi hiyo vimeitwa viatamizi, kwa kuvifananisha na kuku anayeatamia mayai mpaka yaanguliwe. Katika vituo hivyo mlezi, ambaye kwa kawaida ni mtu aliyekwisha kuanzisha biashara yake mwenyewe au kufanya kazi katika kampuni kubwa, huwafundisha vijana mbinu inayojulikana kama fikra ya usanifu: wamtazame mtumiaji katika mazingira yake kabla ya kubuni chochote, walitaje tatizo kama mtumiaji huyo anavyoliona, watoe mawazo mengi bila kuyahukumu mapema, watengeneze mfano wa bei nafuu wa kile walichokibuni, kisha waupeleke kwa mtumiaji yuleyule aujaribu na kuukosoa. Mbinu hiyo husimuliwa kana kwamba ilishuka kutoka California pamoja na intaneti ya kasi. Kuhusu jina lake simulizi hiyo ni sahihi; kuhusu kazi yenyewe imewanyima haki mafundi wa mitaa ya Kamukunji, Gikomba na Shauri Moyo, ambao zaidi ya robo karne kabla ya kompyuta kuwekwa katika kituo chochote cha Barabara ya Ngong, ambako baadhi ya viatamizi hivyo vilifunguliwa, walikuwa wamekwisha kushiriki katika kazi ya usanifu ambayo ni vigumu kuitajia mfano ulio bora zaidi katika Afrika Mashariki.

Historia ya malezi hayo haina budi kuanzia katika uanagenzi, yaani desturi ya kijana kujifunza kazi kwa kukaa na fundi. Katika miji ya pwani mafundi wa majahazi, wachongaji wa milango, waashi na masonara waliwapokea vijana ambao walianza kwa kufagia takataka za randa na kushika zana, wakaendelea na kazi ndogondogo chini ya jicho la fundi, na walipohitimu wakampa kilemba, neno ambalo hapa lina maana ya zawadi ya shukrani anayopewa mwalimu mwisho wa mafunzo. Nairobi, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, haikuwa na mitaa ya mafundi ya namna hiyo. Ujuzi wa bati, chuma na useremala ulikuwa mikononi mwa mafundi wa Kihindi, ambao baadhi yao walikuja kwa ajili ya reli na wengine wakawafuata, na Waafrika walioajiriwa katika karakana zao kama vibarua walijifunza kwa kutazama tu, kwa kuwa hakuna aliyewaajiri ili awafundishe. Mtafiti Kenneth King, aliyeifuatilia safari hiyo ya ujuzi katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu fundi wa Kiafrika, alionyesha jinsi vibarua hao walivyotoka katika karakana za Wahindi, wakafungua zao kwenye viwanja vya wazi na kando ya barabara, kisha wakawapokea vijana wengine ambao nao, baada ya muda, walitoka na kufungua zao. Kwa kuwa walifanya kazi bila paa, jua la adhuhuri likiwapiga mgongoni, wakaitwa watu wa jua kali, na jina hilo likawa jina la sekta nzima.

Malezi ya jua kali yalikuwa na nguvu moja ambayo chuo hakikuweza kuwa nayo, na udhaifu mmoja ambao mafundi wenyewe waliujua. Nguvu yake ni kwamba mnunuzi alisimama palepale kazi ilipofanyiwa: mama aliyeagiza karai aliliinua, akaligeuza, akalalamika kwamba mshikio unakata vidole, na mwanagenzi alisikia lawama hiyo kwa masikio yake mwenyewe, bila kuletewa na mtu wa kati. Udhaifu wake ulikuwa kunakili. Fundi aliyebuni kitu kipya asubuhi alikikuta kwa jirani jioni, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutumia bati lake katika majaribio ambayo faida yake ingeliwa na wengine, na matokeo yake ni kwamba mamia ya watu walishindana kuuza koroboi, sanduku na sufuria za aina moja kwa bei iliyozidi kushuka. Yeyote aliyetaka kuwasaidia mafundi hao ilimbidi atafute njia ya kuubeba mzigo wa majaribio kwa niaba yao bila kuwatenga na mnunuzi, na historia yote inayofuata ni ya watu waliofaulu au walioshindwa katika jambo hilo moja.

Serikali ya Kenya huru ilianza na wenye viwanda badala ya mafundi. Kenya Industrial Estates, shirika la umma lililoundwa mwaka 1967, lilijenga maeneo ya viwanda vidogo ambamo mjasiriamali alikodishwa banda, akapewa mkopo wa mashine na kushauriwa kuhusu hesabu na uzalishaji. Kwa maana ya leo hicho kilikuwa kiatamizi. Wazo la namna hiyo lilikuwa limekwisha kujaribiwa Marekani mwaka 1959, katika mji wa Batavia wa jimbo la New York, ambako Joseph Mancuso aligawanya jengo la kiwanda kilichofungwa na kukodisha vyumba kwa biashara ndogo, na kwa kuwa mmoja wa wapangaji wake wa mwanzo alikuwa mfugaji wa vifaranga, jengo likapata jina la utani la mashine ya kuangulia mayai, ambalo ndilo lililoenea ulimwenguni. Msingi wa taaluma ya usanifu nao uliwekwa Nairobi katika miaka hiyohiyo. Selby Mvusi, msanii na mwanafikra kutoka Afrika Kusini, alifundisha katika chuo kikuu hapo hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1967, na yeye pamoja na mwenzake Derek Morgan waliandaa mafunzo yaliyouchukulia usanifu kuwa uchunguzi wa maisha ya watu na mazingira yao kabla ya kuwa kazi ya kuchora. Kifo chake kiliikatisha kazi hiyo mapema mno. Kutoka chuoni hadi Kamukunji ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, lakini kwa miaka mingi njia hiyo haikupitwa na wengi.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyoyaeneza maneno sekta isiyo rasmi katika uchumi wa dunia na kusema wazi kwamba watu waliokuwa wakifukuzwa mitaani na askari wa jiji walikuwa wazalishaji wenye tija. Ilichukua muda mrefu neno hilo kufika kwenye sera. Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, mabanda yakajengwa ili wafanye kazi wakiwa na paa juu yao, na waraka wa serikali wa mwaka 1986 ukafuatwa na ule wa 1992 uliowahusu hasa wafanyabiashara wadogo na jua kali. Lakini kabla ya mabanda hayo kuezekwa, jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutokea kati ya nyundo na makaa.

Mwezi Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mjini Nairobi mkutano kuhusu nishati mpya na jadidifu, wakati ambapo bei ya mafuta ilikuwa imepanda na wataalamu walikuwa na hofu juu ya misitu kumalizwa na kuni na makaa. Familia nyingi za mijini zilipikia jiko la bati la duara, ambalo asili yake huhusishwa na wafanyakazi wa reli kutoka India, na jiko hilo lilitengenezwa kwa mabati ya mapipa chakavu na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini aliweza kuimudu. Kasoro yake ilikuwa ukuta wake. Bati lililo wazi hupitisha joto pande zote, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya makaa iliunguza hewa, na mara nyingine miguu ya watoto, badala ya kuivisha chakula. Wizara ya Nishati, kwa ufadhili wa Marekani, ilianzisha mradi wa kutafuta jiko bora, na mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyoshughulikia nishati yaliungana chini ya mwavuli wa KENGO ili kulieneza.

Wasanifu wa mradi huo, ambao miongoni mwao Maxwell Kinyanjui ndiye anayetajwa zaidi, hawakuanza na karatasi tupu. Walilichukua jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina ndoo ya bati iliyojazwa udongo wa kuchomwa kuanzia juu hadi chini, na kulileta jikoni mwa Wakenya, nalo likakataa kukaa. Lilikuwa zito. Udongo wake ulipasuka kwa kupashwa moto na kupoa mara kwa mara, na kuutandaza ndani ya bati lote kuligharimu fedha na kazi. Mifano iliyofuata ilijaribiwa majumbani na katika vikundi vya wanawake, na maoni ya wapishi yakabadilisha umbo kidogo kidogo hadi likapatikana jiko lenye kiuno chembamba, lililopanuka juu na chini kama koni mbili zilizounganishwa kwenye ncha, ambalo bitana yake ya udongo inakaa nusu ya juu tu, ikishikiliwa na kiuno na kuunganishwa kwa bati kwa mchanganyiko wa saruji na madini mepesi yasiyopitisha joto kwa urahisi. Matundu yaliyotobolewa chini ya bitana hiyo yanafanya kazi ya chekeche, yakipitisha hewa juu na majivu chini.

Kiuno hicho kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko jambo jingine lolote katika historia hii, kwa sababu ndani yake mahitaji ya watu watatu tofauti yamekutana bila mmoja kumshinda mwenzake. Mpishi wa Kenya husonga ugali, na anayesonga huielemea sufuria kwa mwiko kwa nguvu za mabega yote mawili, kwa hiyo jiko lisilokuwa na kitako kipana huyumba na kumwaga moto. Kitako kilichopanuka kilimpa uthabiti. Mfinyanzi alihitaji kutengeneza chombo kimoja kifupi ambacho hakipasuki tanuruni wala safarini, na kwa kuwa bitana ilipunguzwa hadi nusu ya jiko aliweza kuifinyanga na kuisafirisha kwa wingi. Fundi wa bati alihitaji umbo ambalo angeweza kulikunja kwa nyundo na reli ya chuma, bila mashine asiyokuwa nayo na bila kununua mali ghafi mpya, na koni mbili za bati ni kazi ambayo mkono wake ulikuwa umekwisha kuizoea. Mtaalamu wa fizikia peke yake angebuni jiko linalotumia makaa machache zaidi. Majiko kama hayo yalibuniwa, na yakabaki katika maabara.

Namna jiko lilivyofika sokoni inafundisha zaidi kuhusu malezi kuliko umbo lake. Mradi uliwafunza mafundi wa Shauri Moyo na wafinyanzi kwa kufanya kazi pamoja nao, maonyesho ya upishi yakafanywa hadharani, na muundo haukufungiwa kwa hataza, yaani haki ya kisheria inayomzuia mtu mwingine kutengeneza kitu kilichobuniwa. Tabia ya kunakili, ambayo ilikuwa udhaifu wa jua kali, ikageuzwa kuwa njia ya usambazaji: kila fundi aliyejifunza alikuwa na wanagenzi, kila mwanagenzi alitoka na ujuzi huo, na kadiri watengenezaji walivyoongezeka ndivyo bei ilivyoshuka. Kufikia mwaka 1995, kwa mujibu wa makala ya mwanasayansi Daniel Kammen katika jarida la Scientific American, zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yakitumika nchini, na zaidi ya nusu ya kaya za mijini zilikuwa nayo, huku kila moja likipunguza matumizi ya makaa kwa kiasi cha kati ya asilimia 30 na 50. Jiko hilo lilivuka mipaka kwa njia ileile na kufika Tanzania, ambako liliitwa Jiko Bora, na pia Uganda, Rwanda na Ethiopia.

Uhuru huo ulikuwa na gharama, na si haki kuificha. Palipokosekana mtu wa kukagua, bitana za udongo usiofaa au usiochomwa vya kutosha zilifichwa ndani ya bati lililopakwa rangi nzuri, na mama aliyelipa zaidi kwa ajili ya kuokoa makaa alijikuta na jiko lililopasuka baada ya miezi michache. Tatizo hilo ndilo lililowafanya waasisi wa ApproTEC, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon na baadaye kuitwa KickStart, wauache utengenezaji wa kutawanyika na kuzipeleka pampu zao za kumwagilia kwenye viwanda vichache vinavyoweza kusimamiwa. Hata hivyo katika usanifu wa pampu hizo walifuata somo lilelile la jiko. Pampu inayoendeshwa kwa miguu ilitengenezwa iwe fupi na kanyagio zake zisipande juu sana, kwa kuwa wanawake wakulima hawakutaka kuonekana wakiyumbisha viuno mbele za watu, na jambo hilo la heshima lilipewa uzito sawa na wingi wa maji yanayovutwa. Kampuni ya usanifu ya IDEO ya California ilikuja kushirikiana na shirika hilo katika pampu nyingine, jambo linaloonyesha kwamba mawazo yalisafiri pande zote mbili tangu zamani.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilijaribu njia tofauti ya kuwalea wafanyabiashara wadogo. Waligawiwa hati ambazo kila aliyeipata aliweza kuitumia kulipia mafunzo kwa mwalimu anayemtaka, na serikali ikamlipa mwalimu huyo thamani ya hati. Waliopanga mradi walitarajia vyuo vipate wanafunzi wengi, lakini walengwa wengi walipeleka hati zao kwa mafundi wakuu wa jua kali, ambao hawakuwa na cheti wala darasa. Ni vigumu kupata kura iliyo wazi kuliko hiyo kuhusu nani ni mlezi, kwa maana ilipigwa na wanaolelewa wenyewe, tena kwa hati yenye thamani ya fedha.

Huduma ya M-Pesa, ya kutuma fedha kwa simu, ilipozaliwa, chanzo chake kilikuwa mbali na nyundo, lakini ilibadilishwa na watumiaji kwa namna inayofanana sana na jiko. Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone alipata fedha kutoka mfuko wa changamoto wa Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza, na mwenzake Susie Lonie akaja Kenya kuendesha jaribio lililoanza Oktoba 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, likiwahusu wateja wasiofika 500 wa katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Kusudi lilikuwa kumwezesha mkopaji kupokea na kurudisha mkopo wake kwa simu. Wakopaji waliirudisha mikopo, lakini walifanya na mengine ambayo hayakuwamo katika mpango: walitumiana fedha, wakalipana katika biashara, wakamlipia mkopo mtu mwingine kwa kubadilishana na huduma, na wengine waliweka fedha asubuhi mahali pamoja na kuzitoa jioni mahali pengine kwa sababu waliogopa kusafiri nazo mfukoni. Wakati huohuo ilionekana kwamba mfumo wa mikopo wenyewe ulikuwa mgumu kuunganishwa na hesabu za taasisi, na kwamba mtu anayelipa kwa simu hakuona tena haja ya kuhudhuria mkutano wa kikundi ambao ndio uliokuwa dhamana ya mkopo.

Waliosimamia jaribio hilo walifanya jambo ambalo wabunifu wengi hushindwa kulifanya, yaani kuliacha kusudi lililolipiwa na mfadhili na kulifuata kusudi lililoonyeshwa na mtumiaji. Huduma iliyozinduliwa na kampuni ya simu ya Safaricom, mshirika wa Vodafone, nchini kote mwezi Machi 2007 haikuzungumzia mikopo kabisa. Ilizungumzia kutuma pesa nyumbani, kwa sababu mfanyakazi wa mjini mwenye mke na wazazi kijijini ndiye aliyejitokeza katika jaribio bila kuitwa. Kabla ya miaka mitatu kwisha waliojiandikisha walikuwa wamezidi milioni 8. Mara nyingi huduma hiyo husifiwa kwa teknolojia yake, ambayo ilikuwa ya kawaida sana hata ikaweza kufanya kazi katika simu ya bei ya chini kuliko zote, na sifa hiyo humsahau mkopaji wa Mathare, ambaye kwa matumizi yake ndiye aliyewaonyesha Vodafone biashara yao.

Huko Marekani, fikra ya usanifu ilikuwa ikijijenga kama taaluma kwa njia yake. Herbert Simon, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu sayansi za vitu vilivyotengenezwa na binadamu, alitetea kwamba kubuni ni namna ya kufikiri inayoweza kuchunguzwa na kufundishwa. Horst Rittel na Melvin Webber waliandika mwaka 1973 kuhusu matatizo sugu ya jamii ambayo hayana jibu moja sahihi na ambayo hubadilika kila yanapoguswa. IDEO iliundwa mwaka 1991, na mwasisi wake David Kelley akaongoza kuanzishwa kwa taasisi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2005 kwa msaada wa Hasso Plattner, mmoja wa waasisi wa kampuni ya programu ya SAP. Makala ya Tim Brown wa IDEO ya mwaka 2008 katika jarida la Harvard Business Review iliifikisha mbinu hiyo kwa mameneja, na mwaka 2009 IDEO, kwa ufadhili wa taasisi ya Bill na Melinda Gates, ilitoa mwongozo wa bure kwa mashirika yanayofanya kazi na maskini. Wakati mwongozo huo ulipokuwa ukipakuliwa Nairobi, ile mifano ya udongo ya jiko la Kenya, iliyojaribiwa mwaka 1982, ilikuwa imekwisha kuvunjwa na kutupwa.

Mazingira ya kupokea mbinu hiyo yalikuwa yameiva. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009 na kupunguza gharama ya intaneti, na kabla ya hapo, mnamo Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa wameunda Ushahidi, programu iliyokusanya taarifa za wananchi kwa simu na kuziweka kwenye ramani. Kutokana na kundi hilo ilizaliwa iHub, kituo cha wabunifu kilichofunguliwa Machi 2010 katika ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua kwenye Barabara ya Ngong kwa fedha za wafadhili Omidyar Network na Hivos. Ilikuwa na wanachama wa ngazi tatu zilizotajwa kwa rangi: weupe waliojiunga kupitia mtandao tu, wa kijani waliopewa nafasi ya kukaa bure, na wekundu waliolipia meza. Mwaka uliofuata m:lab East Africa ilifunguliwa katika jengo hilohilo kwa ajili ya programu za simu, ikaandaa mashindano ya Pivot 25, na vituo kama Nailab vikaanza kuwapokea vijana kwa vipindi vya malezi. Baadaye iHub iliongeza maabara ya uzoefu wa mtumiaji iliyoongozwa na Mark Kamau, ambayo kazi yake ilikuwa kuwakutanisha waandishi wa programu na watu halisi watakaozitumia.

Kuwapo kwa maabara hiyo kunaonyesha pengo lililokuwapo. Mwanagenzi wa Gikomba hakuhitaji maabara ili amwone mteja. Kijana wa ghorofa ya nne alihitaji, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake kila siku alikuwa mlezi, mfadhili au jaji. Mashindano ya kunadi mawazo, ambamo mwasisi husimama jukwaani kwa dakika chache na kuwashawishi majaji, yaliwafundisha vijana kuzungumza vizuri, na si jambo dogo, lakini yaliweka hukumu ya jaji mahali pa hukumu ya mnunuzi, na vipindi vya malezi vya takriban miezi mitatu, vilivyoigwa kutoka mfano wa Y Combinator ulioanza Marekani mwaka 2005, vilifanya hatua za fikra ya usanifu zifuatwe kama ratiba. Watu walibandika karatasi za rangi ukutani kuhusu mkulima ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelala nyumbani kwake. Jaribio la M-Pesa lilichukua muda wa kutosha kwa watumiaji kuifanyia huduma hiyo mambo yasiyotarajiwa, na jiko lilichukua miaka. Mtumiaji hatoi siri zake kwa ratiba ya mtu mwingine.

Lililo baya zaidi ni kwamba mafundi na waandishi wa programu walilelewa katika nyumba mbili zisizotembeleana. Fedha za wafadhili zilipanda Barabara ya Ngong, na jua kali ilibaki na mabanda ya 1985, ingawa ndiyo iliyokuwa na ujuzi wa kutengeneza mfano wa kitu kwa siku moja kwa chuma chakavu. Wapo walioliona kosa hilo. Gearbox, karakana ya pamoja iliyotokana na jamii ya iHub, ilianzishwa ili wanaobuni vifaa wapate mashine za kukatia na kuundia, na huko Arusha fundi Bernard Kiwia, aliyejulikana kwa chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli, alianzisha karakana ambamo watu wa kawaida hufundishwa kubuni na kujitengenezea zana zao, kwa ushirikiano na mtandao wa D-Lab ya chuo cha MIT. Hizo ndizo juhudi zilizo karibu zaidi na asili ya malezi haya, na zinastahili msaada kuliko mashindano.

Mwaka 2019 iHub ilinunuliwa na CcHub, kituo cha ubunifu cha Lagos. Vituo vingine vimefunguliwa, vingine vimefungwa, na kumbukumbu za miaka yao ya mwanzo zimehifadhiwa vizuri kwa sababu waliovianzisha walikuwa watu wa kuandika. Hali si hivyo kwa waliotangulia. Katika maandishi mengi kuhusu jiko la Kenya, waliokunja koni za kwanza za bati huitwa kwa jumla mafundi wa Shauri Moyo, bila jina hata moja, na aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1982 sasa amepita miaka 60. Idara za historia na usanifu za vyuo vikuu vya Nairobi zingeweza kuwatuma wanafunzi wao katika mabanda hayo mwaka huu, wakiwa na daftari na kinasa sauti, wawaulize wazee hao ni nani aliyekifinya kiuno kile mara ya kwanza, na kwa nini.